Samaki wa Daktari wa Meno

Nikialikwa kwa mtu nikakuta sebuleni kaweka tangi la kioo lenye samaki, mimi nageuza kiti nikatazama upande mwingine. Mwenyeji hudhani ni uzee. Wajukuu zangu wameshazoea, wanacheka tu: "Bibi kaanza na samaki wake!" Wacheke. Wao hawajui kuwekwa ndani ni nini. Siku hizi mtoto akivunja ungo, kesho yake yuko barabarani na begi la shule mgongoni, tena anapigishana kelele na wavulana. Mimi nilifungiwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na sisi tulikuwa tunakaa Kariakoo katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati na ua nyuma. Baba na mama walikuwa wamepanga vyumba viwili. Siku nilipovunja ungo nikapewa kimoja, mlango ukafungwa. Ndiyo mila yetu Wazaramo, na kukaa mjini hakukutupunguzia kitu. Mwali hatoki. Mwali haonwi na mwanamume, hata baba yake mzazi humpisha. Mwali hasemi na mgeni, hainui macho, hapigwi na jua, hata akiumia halii. Akitaka neno, somo wake anamsemea.

Somo wangu alikuwa shoga wa mama, mwanamke wa miraba minne, mdomo mwekundu kwa tambuu na mkono mzito kwa kufinya. Ndiye aliyepewa kazi ya kunifunda. Alinipenda, nisimsingizie; usiku mmoja nilipopata homa alinikanda mpaka asubuhi. Lakini kwake kunipenda ni kunifundisha kunyamaza. "Mwanamke maneno yake yako machoni," alikuwa akisema, na nikimtazama machoni ananifinya. Sasa niseme na wapi? Mengine ya unyagoni siyasemi, msinisogelee.

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja kule Mchafukoge. Alishona pazia la kaki akaligongomea dirishani kwangu, nisionekane na wapita njia. Basi mchana kutwa chumba kilikuwa cha rangi ya kaki. Nikala kaki, nikalala kaki. Nje nilisikia mikokoteni ikienda sokoni, wauza kahawa wakigonga vikombe, watoto niliosoma nao wakipita wakiimba hesabu, na mimi nimekaa mkekani nimenyoosha miguu nasukwa nywele ambazo hakuna atakayeziona. Nilikuwa nanenepa na kuwa mweupe. Wageni wa kike waliingia wakanigeuza huku na huku, wakamsifu mama: "Mwali katulia huyo!" Kutulia gani? Nilikuwa nataka kupasuka.

Jambo lenyewe ni hili. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, nimefaulu, na nafasi yangu ya la tano ilikuwa inanisubiri shule itakapofunguliwa. Baba ndiye aliyenipeleka shule kwa ubishi wake, akanishonea sare mwenyewe. Na wakati nimo ndani ikaja posa. Mtu mzima mmoja wa Buguruni, mwenye minazi yake, aliyefiwa na mke. Watu walimsifu, na mimi sina ubaya naye, sikupata hata kumwona kisigino. Nilizisikia habari zangu kwa masikio yangu, wanawake wakizungumza ukumbini kana kwamba mlango ule ni wa zege: mwali atatolewa, atachezwa, na wiki hiyo hiyo ataolewa. Yaani nitoke chumba hiki niingie chumba kingine. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa mtu laini, wakimzidi maneno anainamia cherehani yake. Mwisho huyo mtu laini akakubali.

Somo akanifunda mpaka jambo la mwisho. Siku ya ndoa, shekhe atakuja mlangoni na baba na mashahidi wawili, atauliza kama nimeridhia. Kazi yangu itakuwa kukaa kimya. "Mwanamwali akinyamaza, karidhia," alisema somo. "Wewe inamisha kichwa tu. Mimi nitawaambia." Tukawa tunafanya mazoezi. Ananiuliza, nainama, ananisifu.

Ndipo jino likaniuma. Gego la chini, upande wa kulia. Mama alinitia karafuu, akanisukutulisha maji ya chumvi, wapi! Usiku naling'ata shuka. Baba akasikia, akazungumza na daktari mmoja wa meno, Mhindi wa palepale Mchafukoge, ambaye yeye baba ndiye aliyemshonea makoti yake meupe. Daktari akasema, mleteni.

Kumtoa mwali mchana si mchezo. Mama na somo walibishana siku nzima. Mwisho nikavikwa buibui, juu yake buibui la pili, halafu kanga ikateremshwa usoni mpaka kifuani. Somo akanishika mkono. Nikatembea Kariakoo yangu mwenyewe kama kipofu. Nilijua tuko sokoni kwa harufu ya papa mkavu. Nilijua tumefika Mnazi Mmoja kwa upepo, maana pale ni wazi, na upepo ule uliponipiga miguuni nilitaka kukaa chini nilie. "Twende, twende," somo akanivuta. Halafu nikasikia cherehani nyingi kwa pamoja, nikajua tumeingia kwa Wahindi, na moja katika hizo ni ya baba yangu. Haikusimama. Nadhani alituona akainama.

Kwa daktari kulikuwa na benchi mbili, na kwenye benchi wanaume. Somo akaguna. Akaninong'oneza: "Geuka, tazama ukutani." Akanikalisha kwenye kigoda, mgongo kwa watu, uso kwa ukuta, akakaa yeye katikati kunikinga. Na kwa kuwa pumzi ilikuwa inanipotea, akanilegezea kanga kidogo mbele. Maskini, hakuangalia ukuta ule una nini.

Ulikuwa na bahari. Tangi kubwa la kioo lenye fremu ya chuma, limejaa maji mpaka juu, mchanga chini, mawe ya matumbawe, kimashine kinanguruma na kupuliza mapovu kwa mpira mwembamba. Na ndani, samaki, wazima!

Mimi mtoto wa Dar es Salaam, bahari kwetu ni pua na mdomo, na samaki nimemla tangu naota meno. Lakini samaki niliyemjua ni wa sokoni, amelazwa ubavu juu ya meza, jicho limefanya ukungu, inzi wanamzunguka. Sikuwa najua kwamba samaki anatazama. Alikuja kitatange mmoja, bapa kama sahani, mistari ya njano na nyeusi, akasimama mbele ya pua yangu akanitazama kwa jicho moja, akageuka akanitazama kwa la pili. Hakuna aliyekuwa amenitazama hivyo tangu nilipofungiwa. Walikuwa wakinikagua. Nilisahau jino.

Akaondoka kitatange, akaenda mpaka mwisho wa kioo, akageuka. Akaja mpaka mwisho wa huku, akageuka. Nikaanza kuwaza chini ya bahari kukoje kule anakotoka, ambako hakuna pa kugeukia mpaka upende mwenyewe. Nikawaza yale maji yote tunayoyaona pale Magogoni, sisi tunaona juu tu, yanameta, kumbe chini yake kuna nyumba na njia na majirani na wengine wanakwenda zao mbali wasirudi. Huyu alichotwa kwa wavu. Akatiwa kwenye kitu ambacho anaona nje yote, benchi, watu, mlango ukifunguliwa, na pua yake inagota kioo. Angalau yeye hawakumtundikia kaki.

Halafu nikaona kipande cha bomba kimelazwa mchangani, na kichwa kimetokeza. Samaki mkunga, yule mrefu kama nyoka. Mwili wote kaufutika bombani, kichwa tu nje, na kinywa anakifungua, anakifumba, anakifungua, anakifumba, macho kayakaza kwangu. Nakwambieni alikuwa anasema! Midomo ya mtu anayesema kitu kimoja hicho hicho bila kuchoka. Na nje husikii hata neno, unasikia kimashine tu. Nikasogeza sikio kwenye kioo. Somo akanifinya.

Tukaitwa. Nikakalishwa kwenye kiti cha kulalia, kanga ikakunjwa ionyeshe kinywa tu, macho yakabaki nyuma ya kitambaa, naona vivuli tu. Daktari alikuwa kazaliwa mji huu huu, Kiswahili chake safi. Akaniuliza kwa upole: "Binti, linauma lipi?"

Mwali hasemi na mgeni. Somo akasimama mbele yangu, uso kwa uso, akajibu: "La kulia, bwana daktari. La chini, la mwisho." Na akanyoosha kidole, kwa mkono wake wa kulia. Mkono wake wa kulia, mnaelewa? Kasimama kunikabili. Kidole kikaja shavu langu la kushoto.

Daktari akatazama, na kweli kushoto nako lilikuwapo gego lenye doa jeusi. Akaligonga kwa kichuma. "Hapa?" Nimekaa. Akagonga la kulia, lile bovu, maumivu yakanipanda mpaka utosini. "Au hapa?" Nimekaa. Mwali haruki, mwali haguni, nimefundwa nikafundika. "Hilo la kwanza," somo akasema, "si nimekwisha kukwambia." Basi daktari akakiamini kimya changu.

Sindano ya ganzi ilipoingia kushoto, nilijua. Hilo ndilo nataka mlielewe. Sikukosea, sikuchanganyikiwa, sikulala. Nilijua kabisa kwamba anakwenda kung'oa jino zima, na neno lilikuwa hapa ulimini, neno dogo, "siyo hili," na kinywa tayari kiko wazi! Nikaitafuta namna ya kulitoa, sikuiona. Nilijua koleo linaingia kwa kulisikia tu likigonga meno. Gego likakamatwa, likazungushwa, likatoka. Somo akasema, "Mwanamwali wangu huyo!" kwa fahari.

Ganzi ilipoisha, nyumbani, yakawa mauti mawili: shimo linauma kushoto, jino linauma kulia. Mama akanifungua kinywa kwenye mwanga wa mlangoni. Nikasikia akishusha pumzi. "We shoga," akamwita somo, "mbona bovu liko hapa hapa?"

"Haiwezekani. Nilimwambia kulia."

"Kulia kwako au kulia kwake?"

Somo akainua mkono wake wa kulia, akautazama kana kwamba si wake.

Baba alisimulia mwenyewe baadaye kwamba jioni ile aliisikia habari hiyo akiwa anavua viatu, na kiatu kimoja hakukivua. Akasukuma mlango wangu. Mama akapiga kelele, "Mume wangu, mwali!" Hakusikia. Akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mguu mmoja una kiatu, akanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Ulijua?" akaniuliza. "Alipotaka kung'oa, ulijua siyo hilo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukaacha ang'oe?"

Nikaitikia tena.

Baba yangu hakuwa mtu wa kelele. Lakini sauti iliyomtoka ilimtisha hata somo aliyekuwa ukumbini. "Mungu wangu," alisema, "ninafuga nini humu ndani?" Akatoka. Nikamsikia uani akikohoa, na baba hakuwa na kikohozi.

Asubuhi hakwenda kazini. Akanishika mkono yeye mwenyewe, baba mtu na mwali, mchana kweupe. Somo akamlilia: "Utatuaibisha! Watu watasemaje?" Baba akamwambia, "Waseme. Wao wana midomo." Nilikuwa na buibui moja tu, na kanga usoni nyepesi. Mnazi Mmoja baba hakunivuta. Alisimama kidogo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kwa daktari nikageuka ukutani mwenyewe. Mkunga yuko bombani, anafungua, anafumba. Kitatange anafika mwisho, anageuka.

Daktari alikuwa amesawijika kwa aibu, anaomba radhi. Baba akamwambia, "Safari hii ataonyesha mwenye jino." Akanitazama. "Sema, mwanangu."

Msidhani ni rahisi. Sauti isiyotumika huganda. Nilifungua kinywa hakikutoka kitu, nikafumba. Nikafungua tena, na kikatoka kitu kama mlango mbovu: "Hili." Na nikajitia kidole kinywani mwenyewe, kwenye gego langu mwenyewe.

Lilipong'olewa, kabla hatujatoka, nikiwa na pamba kinywani na damu, nikamuuliza daktari, maana nilishaanza na kuanza ndiko kugumu: "Yule mrefu kwenye bomba, anasema nini?"

Akacheka. "Hasemi. Anavuta pumzi. Yule ndivyo anavyopitisha maji. Asipofungua kinywa anakufa."

Mtadhani safari ile ilimaliza kila kitu. Thubutu! Nilirudishwa chumbani, mlango ukafungwa. Baba alikuwa amekasirikia jino, hakuwa amekasirikia posa; posa ilishaliwa, siku imeshapangwa, na mtu laini hasira yake haikai. Nikaisikia cherehani yake aliyoileta nyumbani ikilia usiku na mchana: ananishonea nguo za arusi. Nikatolewa, nikachezwa, nikabebwa begani, ngoma ikarindima mtaa mzima. Nilifurahi? Nilifurahi jua. Ijumaa yake wakanirudisha ndani, wakanipaka hina, wakanikalisha mkekani na kanga nyekundu kichwani. Jumatatu shule ilikuwa inafunguliwa.

Pilau ilinukia mpaka uvunguni. Somo kakaa ubavuni mwangu, mkono wake mzito mgongoni, ananisukuma kichwa kiiname. Wanawake wamejaa chumba. Nikasikia viatu ukumbini: shekhe, mashahidi wawili, na viatu vya baba, ninavijua. Mlango ukafunguliwa kidogo tu. Shekhe akataja jina la yule bwana na mahari yake, akauliza kama nimeridhia.

Kimya.

Akauliza tena. Nikainua kichwa, nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Nikafumba. Mkono wa somo ukanikandamiza. "Kanyamaza," akatangaza kwa furaha. "Mwali kanyamaza, karidhia!" Na mwanamke mmoja nyuma yangu akavuta pumzi akapiga kigelegele, wenzake wakapokea.

"Nyamazeni!"

Alikuwa baba. Kigelegele kikakatika katikati. Akausukuma mlango ukafunguka wote, na wanaume ukumbini wakatazama chini. Alikuwa na sindano mbili kifuani, amezisahau kwenye kanzu ya arusi.

"Shekhe, niwie radhi," akasema. "Huyu mtoto alinyamaza hivi hivi, na mtu akamsemea hivi hivi, tukamng'oa jino zima. Sitaki kimya chake. Nataka kinywa chake." Akainama chini mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Mwanangu. Umeridhia?"

Somo akanifinya. Nakumbuka nilivyofinywa, alama ilikaa siku nyingi. Nikafungua kinywa.

"Sijaridhia, baba. Nataka shule."

Mama akakaa chini. Nje mtu alikuwa bado anakoroga sufuria, hajui. Baba akasimama, akajifuta uso kwa kanzu, akawageukia wanaume wale. "Mmesikia," akasema. "Twendeni tukamwambie bwana wa watu." Na akaenda, kichwa hakukiinamisha.

Pilau ile isiyo na arusi ilimlemea mama kwa maneno ya watu mwaka mzima. Wengine mtaani waliacha kumpelekea baba vitambaa vyao. Somo hakunisemesha mpaka nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, kwa mume niliyemwona kwanza ndipo nikaolewa. Siku hiyo alikuja, akamkanda mtoto, akanikanda na mimi, hakugusia kitu. Chumba changu kikaondolewa kaki. Nilikwenda kwa daktari siku moja bila kanga usoni, nikamkuta mkunga palepale bombani, na sikuweza kukaa. Mimi nimetoka, yeye namwacha. Tangu siku hiyo nikiona tangi nageuka.

Jumatatu baba alinipeleka shule. Sare ilikuwa imenibana kwa unene wa kufugwa, aliitanua usiku. Nilipofungua kinywa watoto walicheka mapengo yangu, moja huku, moja huku, na la kushoto ulimi wangu hulikimbilia mpaka leo. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akanitazama, halafu akamtazama baba, akamuuliza: "Huyu anaitwa nani?"

Baba akatazama dirishani.

Nikalitaja jina langu mwenyewe.